Kibonye cha Nne

"Rudisha!"

"Hairudi. Nimeshakwambia hairudi."

"Mkono uliokwangua ndio huohuo utakaorudisha."

"Shangazi, ndevu ukinyoa zinaota. Chuma hakioti."

"Usinifanyie mzaha, Verlin. Leo usinifanyie mzaha. Nitakutumbukiza humu kwenye chungu, haki ya Mungu, watu wale ngozi ya nguruwe na ya kwako wasijue ipi ni ipi."

Verlin Lemelle akarudi nyuma hatua mbili. Shangazi yake Ozite alikuwa ameshika mwiko mrefu kama kasia, na chungu cha chuma mbele yake kilikuwa kinatokota mafuta, vipande vya ngozi vinapanda na kushuka, vimeanza kupata rangi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio. Nyuma ya nyumba ya Babu Eraste nguruwe alikuwa ameshachinjwa, ameshaparwa manyoya, ameshapasuliwa. Wanaume wako kwenye meza ya mifupa, wanawake wanaosha matumbo ya kujaza wali na maini, na watu wa kijiji cha Anse Guidroz walikuwa bado wanakuja mmoja mmoja kwa njia ya kando ya shamba la mpunga, visu vyao wamevifunga kwenye taulo.

Dakika tano tu kabla ya hapo wawili hawa walikuwa wanacheka. Aliyejichongea ni Verlin mwenyewe. Alikuja pale kwenye chungu kudokoa ngozi, akashindwa kufunga mdomo.

"Leo babu atashangaa," alisema, anapuliza vidole. "Kodiani yake nimeinyoosha. Miaka yote ilikuwa inapiga upogo, hasa kile kibonye cha nne ukisukuma. Sasa imenyooka kama rula."

Mwiko ukasimama. Chungu cha mafuta mwiko wake hausimami hata siku moja, kila mtu anajua.

"Umenyoosha nini?"

"Sauti. Vilimi vyake. Nimevipitisha tupa, nikapima na mashine. Taa ya kijani, shangazi, vyote. Hakuna kodiani iliyonyooka hivyo kutoka hapa mpaka Opelousas."

Hapo ndipo shangazi alipoanza kusema rudisha.

Sasa alikuwa anakoroga tena, kwa nguvu, mafuta yanaruka. "Unajua aliyekishusha kile kibonye ni nani?"

"Kutu. Uzee. Sijui."

"Mama."

"Bibi?"

"Mama yangu, bibi yako, Euralie. Unamkumbuka au na yeye umempitisha tupa?"

Verlin akatazama moto chini ya chungu.

"Nilikuwa na miaka tisa," Ozite alisema. "Kodiani mpya, baba kaihangaikia misimu miwili. Akaipiga, mama akasema, hii inapiga kelele kama mwalimu. Kwaresima ikaingia. Kwaresima hakuna dansi, baba hana la kufanya, akaifungua kwenye meza ya jikoni. Mama yuko jikoni anakaanga unga kwenye mafuta kwa ajili ya mchuzi. Unga ule hauachwi, ukigeuza shingo umeungua. Basi anaimba palepale alipo, ametugeuzia mgongo. Baba anakwangua, anapuliza, anapiga. Mama: bado. Anakwangua. Mama: bado, shuka. Hivyohivyo, Verlin, jioni baada ya jioni. Jumamosi ya kuamkia Pasaka akasema: hapo. Usiguse tena. Ile sauti ilikuwa koo lake yule mama. Ilikaa pale pale anapokaa yeye akiimba, siyo juu, siyo chini. Baba hajaigusa miaka arobaini na sita."

"Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwepo? Ulikuwa wapi wewe tukuambie? Na Tophile, kila wimbo ukifika pale anapiga kelele anasemaje?"

Verlin alijua. Tangu mtoto alikuwa anaisikia. Mzee Tophile, na bati lake la muziki, la kukwaruzwa kwa vijiko, limemning'inia kifuani kama fulana, kila kodiani ikiegemea ile sauti anatupa kichwa nyuma: Euralie huyo!

"Anasema Euralie huyo."

"Ulidhani anaita mbuzi wake?"

Kusema kweli, Verlin alikuwa hajadhani chochote. Alidhani ni upuuzi wa wazee. Vitu vingi alikuwa ameviweka kwenye kapu hilo.

Shuleni alitoka na miaka kumi na sita, hakufukuzwa, alichoka kukaa. Akaenda boti za kuvua kamba kule Ghuba. Akaacha. Akaenda kuezeka mapaa Houston anakoishi baba yake. Akaacha. Akapeleka mizigo kwenye mitambo ya mafuta baharini, akagombana na mnyapara, akaacha. Hakuna mahali alipomaliza mwaka. Bibi yake alikuwa anamwita mume wangu mdogo, na kila akirudi anamwambia, mume wangu mdogo, una chawa wa matakoni, huwezi kukaa. Alipokufa Verlin alikuja kuzika na begi moja, akajikuta hana pa kurudi, akabaki na babu.

Akabaki kwenye nyumba isiyo na sauti. Matanga ya kizamani yale, mwaka mzima, na leo ndiyo yalikuwa yanaisha. Redio ilifunikwa kitambaa cheusi. Hakuna kupiga mluzi, hakuna kucheza, na kodiani ilifungwa mikanda yake ikaingia kabatini chini ya magauni ya marehemu. Babu Eraste alikuwa anakaa barazani na kahawa yake, mkanda mweusi wa msiba umefungwa mkononi, na vidole vyake vya mkono wa kulia vinachezacheza kwenye goti, vinatafuta vibonye kumi ambavyo havipo.

Verlin angepata wazimu. Kilichomwokoa ni karakana ya mzee Clebert Hulin kule Eunice, mzungu mmoja wa palepale, mnene, anayetengeneza kodiani na kutukana kwa Kifaransa. Alimpa kazi ya kupiga msasa. Msasa ukawa gundi, gundi ikawa mvukuto, mvukuto ukawa vilimi. Kwa mara ya kwanza maishani mikono ya Verlin ilipata kitu kilichoitaka. Vilimi vinne kwa kila sauti, vipande vyembamba vya chuma, ukikwangua ncha sauti inapanda, ukikwangua shina inashuka. Alikuwa anafika asubuhi kabla ya mwenye karakana.

Clebert alimwambia jambo moja, akamwambia mara mbili. "Kodiani ya mzee usiiguse kabla hujamsikia mzee mwenyewe akiipiga. Kwanza sikia, halafu uliza, halafu ndo ushike tupa."

Lakini angemsikia vipi? Babu yuko kwenye matanga. Na kuuliza kungeharibu. Maana alichotaka Verlin kilikuwa hiki: siku matanga yakiisha, babu aishike ile kodiani, aipige, ashtuke, aseme, nani kafanya hivi? Na shangazi na binamu zake wote waliokuwa wanamwita upepo waambiwe: ni Verlin. Babu alikuwa na watoto sita na wajukuu kumi na wanane, na kodiani moja. Siku moja angempa mtu. Verlin hakutaka kingine chochote duniani.

Basi mwezi wa kumi na moja, babu alipopelekwa kupimwa macho, akafungua kabati, akasogeza magauni, akaitoa, akaipeleka karakana. Clebert alikuwa kwenye mazishi kule Mamou. Verlin akaifungua peke yake kwenye benchi. Kweli, kibonye cha nne kilikuwa chini, tena chini sana, mshale wa mashine haukukaribia hata katikati. Alicheka. Akasema moyoni, maskini, miaka yote amepiga hivi. Akachukua tupa ndogo, akakwangua ncha, kilimi cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Taa ikawaka kijani. Akapuliza unga, akafunga, akairudisha chini ya magauni. Hakuna aliyesikia, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusikia.

"Mwambie," Ozite alisema sasa. Hasira ilikuwa imemshuka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nenda umwambie kabla hajaishika. Akiambiwa na wewe ni kitu kimoja. Akiisikia mwenyewe mbele za watu ni kitu kingine."

"Naweza kuishusha. Kabla ya mchana."

"Utaishusha mpaka wapi?"

Verlin alikwenda bandani, akaichukua kodiani iliyokuwa imeshatolewa kabatini inasubiri kwenye kiti cha trekta, akafungua skrubu. Vilimi vilikuwa vinang'aa kwenye ncha pale alipopita. Na kwenye mashina, sasa aliona, kulikuwa na mikwaruzo ya zamani, imeshakuwa myeusi, mingi, midogomidogo, kama mtu aliyekuwa anahesabu siku. Mwezi wa kumi na moja aliiona pia. Alidhani ni kazi ya fundi mbovu.

Akaweka tupa kwenye shina. Mashine ingemwambia sauti iko wapi, lakini haingemwambia bibi alikuwa wapi. Akafumba macho amsikie. Alimsikia akiita kuku, akimfokea kwa buti za matope. Akiimba hakumsikia. Alipokuwa anaimba Verlin alikuwa nje, au njiani, au na vipokea sauti masikioni.

"Verlin! Maji ya moto!" mtu akaita.

Akafunga skrubu.

Saa tano alikuwa amebeba maji. Saa tano na nusu alikuwa anashikilia utumbo mwenzake akijaza. Saa sita alikwenda kusaga pilipili ambayo hakuna aliyemtuma. Kila alipoinua macho Ozite alikuwa anamtazama, na yeye anatafuta kazi nyingine. Siku ya kuchinja kazi haziishi, ukitaka kumkwepa mtu zinatosha mpaka jua lizame.

Mwisho babu mwenyewe ndiye aliyemwita.

Alikuwa chumbani, mlango wazi, shati jeupe, anapambana na kifungo cha shingo. Miaka themanini na moja, mwembamba, mweusi kwa jua la mashamba ya mpunga, nywele kapaka maji. Mkanda mweusi ulikuwa umelala kitandani, umekunjwa vizuri, upande wa ukutani alipokuwa analala bibi.

"Nifunge hiki, mshindani wangu. Vidole vyangu leo ni vya mtu mwingine."

Verlin akamfunga. Alisikia harufu ya sabuni na tumbaku. Walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba hakukuwa na pa kutazama.

"Babu."

"Umeosha mikono? Unanuka vitunguu."

"Babu, ile kodiani..."

"Iko wapi? Ozite kasema iko bandani. Bandani kuna baridi, ngozi ya mvukuto itakakamaa. Ilete ndani ipate moto." Akashika mabega ya Verlin, akayatikisa kidogo. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyeamshwa siku ya sikukuu. "Unajua mwaka ni siku ngapi? Usiniambie mia tatu na ngapi, hizo ni za shuleni. Mimi nimezilala moja moja. Padri ananiambia yuko mbinguni. Ozite ananiambia yuko pale makaburini nyuma ya kanisa. Mimi nawatazama tu. Mimi najua aliko, na leo nimeruhusiwa kumsikia."

Verlin alikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa matatu au manne tu, siyo mengi. Mtu aliyemwambia mnyapara wake mjinga mbele ya wanaume thelathini hakuweza kumwambia mzee mmoja mwenye shati jeupe.

"Naileta," akasema.

Walikula kwanza. Mchuzi wa uti wa mgongo juu ya wali, soseji, ngozi za kukaanga zenye chumvi na pilipili, viazi vitamu. Halafu wakasukuma meza ukutani, wakakunja zulia, wakamwekea Babu Eraste kiti chake katikati ya sebule. Binamu mmoja alikuwa na fidla. Tophile akavaa bati lake, akachukua vijiko viwili, akapiga kidogo kupasha.

"Eraste, unakumbuka pa kushika?"

"We bati, nyamaza. Mwaka mzima nimekusikia unapiga kelele kanisani, leo zamu yangu."

"Nilikuwa nasali!"

"Ulikuwa unakoroma. Mungu mwenyewe kaziba masikio."

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wameshaanza kufuta macho hata kabla hajapiga. Babu akafungua mikanda, akaingiza kidole gumba kwenye kitanzi cha ngozi, akavuta hewa.

Alianza na wimbo wa haraka. Vidole vilikuwa vimetulia kumbe, vilikumbuka vyenyewe, na mvukuto ulikuwa unapumua vizuri. Kwenye wimbo wa haraka kibonye cha nne kinapita kama nzi. Watu wakaingia uwanjani wawili wawili, mbao za sakafu zikaanza kulia. Ozite alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni yake ina damu na mafuta, hachezi. Verlin alikuwa ukutani karibu na redio. Mtu alikuwa ameshaiondolea kitambaa.

Alijiambia, labda hatasikia. Alijiambia, ni tofauti ya unywele tu. Ilikuwa inasikika vizuri, ndiyo ukweli, safi, imenyooka, kodiani ya kuuzwa dukani. Babu alikunja uso mara moja, akatikisa kichwa kama anayefukuza mbu, akaendelea.

Halafu wimbo ukaisha, na babu akasema, "Sasa wa Euralie." Watu wakatulia. Huo ni wimbo wa polepole, wa kuzunguka, aliutunga mwenyewe alipokuwa anamchumbia kwa baba yake, na wote pale walikuwa wameoana au kuzikana nao. Mstari wa kwanza unapanda, unapanda, halafu unaegemea kibonye cha nne na kukaa pale, unakaa kama mtu aliyekaa barazani.

Babu akaegemea.

"Euralie hu..." alisema Tophile, kichwa kimeshatupwa nyuma. Akabaki hivyo. Vijiko vikasimama kwenye bati.

Babu alisukuma tena. Sauti ileile. Akavuta hewa, akasukuma taratibu, akainamisha sikio mpaka likagusa mbao. Fidla ikanyamaza. Alisukuma mara ya nne na ya tano, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua.

"Tophile," akasema. "Wewe unamsikia?"

Tophile alitazama vijiko vyake. "Mimi nina bati kifuani, ndugu yangu. Nitasikia nini mimi?"

"Nijibu."

"Sijui, Eraste. Baridi labda. Baridi inakaza vitu."

Babu akasukuma mara moja ya mwisho. Halafu akafunga mvukuto polepole, mpaka ukakaa, akaweka kiganja juu yake.

"Basi ni mimi," akasema. "Yeye yuko palepale. Masikio ndo yameondoka." Alijaribu kucheka. "Daktari alipima macho, hakuna aliyemwambia apime masikio. Mwaka mzima nimesubiri, kumbe nasubiri huku yanakufa."

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Babu alitazama sebule nzima, uso kwa uso, mpaka akafika karibu na redio.

"Verlin. Njoo."

Verlin akaenda.

"Jamani," babu akasema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko ya mtu yeyote mle ndani, "huyu mnamwita upepo. Mimi namwona kila siku anatoka gizani kwenda Eunice, anarudi na mikono ina gundi. Hajaacha. Miezi tisa. Euralie angekuwepo angechinja kuku." Akatoa kidole gumba kwenye kitanzi. "Kodiani haikai kwa kiziwi. Chukua, mjukuu wangu. Ni yako. Wewe utamsikia kwa niaba yangu."

Akamwekea mikononi.

Watu wakapiga makofi. Binamu zake wakapiga makofi. Ilikuwa nzito na ina joto la mapaja ya mzee, na kitanzi cha ngozi kilikuwa kimelainika kwa jasho la miaka arobaini na zaidi. Kile alichokitaka kilikuwa mikononi mwake, mbele za watu, kwa maneno aliyoyaota. Angefunga mdomo tu. Clebert hakujua lolote. Tophile alishafunga wake. Ozite, kule mlangoni, alikuwa anamtazama, na Verlin aliona kwamba hata yeye asingesema. Alikuwa anangoja tu aone.

Na mzee angekwenda kaburini akiamini kwamba mkewe anaimba na yeye hamsikii.

"Babu," Verlin akasema. "Masikio yako hayana kitu."

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji. Ni mimi. Niliifungua mwezi wa kumi na moja. Nilikwangua kibonye cha nne. Nilidhani kimeharibika."

Makofi yalikuwa yameshakwisha.

Babu alimtazama. Kwanza, na hili ndilo Verlin alilokuja kulikumbuka zaidi ya yote, kwanza uso wake ulifurahi. "Mimi si kiziwi?" Akapiga paja. "Tophile! Umesikia? Mimi si kiziwi! Nilijua! Nilisema, huyu siye, huyu ni mtu mwingine kakaa kwenye kiti chake!" Alikuwa anacheka kabisa, meno yake matatu yote nje.

Halafu mkono ukabaki pajani. Kicheko kikaishia njiani.

"Ulikwangua," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Unywele."

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne."

Babu akatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi.

"Naweza kuishusha tena," Verlin akasema, haraka, maneno yanakanyagana. "Naijua kazi, babu. Tunakaa mimi na wewe, mezani, jikoni, kama ile Kwaresima. Mimi nakwangua, wewe unasikiliza. Hata mwezi. Hata mwaka, siendi popote. Wewe unaniambia tu tukifika."

"Nikwambie nini?" Babu hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Mimi nilikuwa nakwangua tu. Aliyekuwa anasema 'hapo' ni yeye."

Ozite aligeuzia uso jikoni.

Babu alinyanyuka, akishika mgongo wa kiti. Akaipapasa kodiani mikononi mwa Verlin, mbao za juu, pale mkono wake ulipokuwa umeila rangi. Hakuichukua.

"Na unga wake?"

"Unga gani, babu?"

"Unga wa chuma. Ulioutoa."

Verlin alitaka sana kuwa na jibu jingine. Kwamba aliukusanya kwenye karatasi. Kwamba uko kwenye kikopo, benchini, Eunice, wanaweza kwenda kuuchukua.

"Nilipuliza," akasema.

Babu Eraste akafungua kiganja chake, akakitazama, kama mtu aliyepewa kitu kidogo sana akishike. Halafu akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa, akageuka, akapita jikoni katikati ya wanawake waliompisha, akatoka nje kwenye baridi, akaenda zake kwa njia ya kando ya shamba la mpunga, kuelekea makaburini nyuma ya kanisa.